Tunajua kinachoiua bahari. Kwa nini basi tuendelee kuichunguza?

Swali limetoka kwa msomaji ambaye yeye na kikundi chake husafisha fukwe na kupanda mikoko. Anaandika: “Mtaalamu, naomba usinielewe vibaya. Maadui wa bahari tunawajua: plastiki, uvuvi wa kupita kiasi na joto linalopanda. Kwa nini basi fedha ziende kwa watu wanaohesabu vijidudu kwenye maji, wakati sisi tulio tayari kufanya kazi hatuna hata glavu? Kuna haja gani ya kuelewa mfumo mzima wa ikolojia ya bahari kabla ya kuokoa kinachokufa mbele ya macho yetu?”

Sijakuelewa vibaya, ndugu yangu, na nusu ya hoja yako naiunga mkono. Yako mambo ambayo utafiti wake ulishakwisha zamani, na anayesema “tusubiri utafiti zaidi” mara nyingi anatafuta kisingizio. Baruti inayopasua mwamba wa matumbawe haihitaji kuundiwa tume. Nyavu zinazokokotwa juu ya matumbawe ya kina kirefu, yaliyokua kwa mamia ya miaka, hazihitaji kongamano. Hayo ni ya kuzuiwa leo. Ninapoachana nawe ni pale unapochukulia kwamba ukishamjua adui, dawa nayo umeijua. Walioiumiza bahari si waroho peke yao. Wamo pia watu wema, wenye nia safi na mikono yenye bidii, ambao hawakujua kwamba kitu walichokigusa kimeshikana na vingine kumi.

Chukua kisa cha matairi ya Florida, nchini Marekani. Mwaka 1972, karibu na mji wa Fort Lauderdale, matairi chakavu yapatayo milioni 2 yalifungwa mafungu mafungu na kuzamishwa baharini. Wazo lilivutia kila mtu: taka zinaondoka nchi kavu, samaki wanapata nyumba, na matumbawe yanapata mahali pa kuota. Watu walijitolea kwa boti zao wenyewe, na shughuli ikasherehekewa. Matumbawe hayakuota. Tairi ni jepesi ndani ya maji, linatikisika kwa kila mkondo, na mtoto wa tumbawe anahitaji mahali pagumu pasipocheza. Kisha kamba na vibanio vikaoza, matairi yakafunguka, na kila dhoruba ikawa inayasukuma hadi kuyagonganisha na mwamba wa asili uliokuwa jirani ukiwa mzima. Miongo kadhaa baadaye ilibidi wapiga mbizi wa jeshi waanze kuyatoa moja moja. Hapakuwa na mhalifu katika kisa hiki. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza tumbawe hushikaje, na maji ya pale huendaje wakati wa dhoruba.

Kwa kuwa unapanda mikoko, hili la pili ni lako moja kwa moja. Ufilipino imepanda mikoko kwa miongo mingi, kwa fedha nyingi, katika maelfu kwa maelfu ya hekta. Watafiti walipokwenda kuangalia kilichobaki, sehemu nyingi walikuta mche mmoja au miwili tu kati ya kila kumi ikiwa hai. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa za kueleweka mapema. Kwanza, miche ilipandwa kwenye tope la chini kabisa na juu ya nyasi za bahari, ambako hakuna mwenye shamba wa kugombana naye. Pale maji hukaa muda mrefu mno kila siku kiasi kwamba mche haupati kupumua. Pili, aina iliyopandwa ilikuwa mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama rungu, kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Lakini ukienda kwenye msitu ambao haujaguswa, mara nyingi wanaoikabili bahari mstari wa mbele ni mlilana na mchu. Mkoko hukaa nyuma yao. Watu walipanda mti usiostahili mahali pasipostahili, wakaua na nyasi za bahari zilizokuwapo, kisha wakapiga picha. Mara nyingi kinachohitajika si kupanda kabisa. Ukibomoa tuta la bwawa la zamani la kufugia kamba, maji ya kupwa na kujaa yakarudi njia yake, mbegu hujileta zenyewe.

Kasa nao wana kisa chao. Mayai yao hayana jinsia iliyokwisha amuliwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi wanapatikana majike na madume kwa pamoja, joto likizidi wanaanguliwa majike, likipungua madume. Kabla jambo hili halijajulikana vizuri, baadhi ya miradi ya uokoaji ilihamishia mayai kwenye masanduku ya povu jeupe yaliyowekwa kivulini, ili mbwa na wezi wasiyafikie. Masanduku yale yalikuwa ya baridi kuliko ufukwe, na kumbe wasimamizi walikuwa wakizalisha madume wengi kupita kawaida, mwaka baada ya mwaka, huku wakihesabu kila kitoto kuwa ushindi. Leo shida imegeuka. Kwenye fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, safu kubwa ya matumbawe ya Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kasa wachanga wa kijani wanaotoka huko, takriban 99 kwa kila 100 ni majike. Mlinzi anayehesabu vitoto tu atasema mambo ni mazuri.

Kuielewa bahari, kwa maana ninayoitumia mimi, si kukariri majina ya viumbe. Ni kujua nani anamla nani, nani anamsafishia nani njia, watoto wa nani wanakulia wapi, na kitu gani kikiondoka kingine kinaanguka. Mfano ambao wanafunzi wa fani hii hawaukwepi ni wa fisi-maji wa baharini, kaskazini mwa Pasifiki. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya kuanzia miaka ya 1740 hadi mkataba wa mwaka 1911 ulipowakuta wamekaribia kwisha. Baadaye, katika visiwa vya Aleutian, Alaska, baadhi ya visiwa vilipata tena fisi-maji na vingine havikupata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanabiolojia James Estes na mwenzake John Palmisano wakalinganisha hali chini ya maji. Penye fisi-maji palikuwa na misitu ya mwani mrefu, samaki na ndege. Pasipo na fisi-maji mwamba ulikuwa uchi, umejaa wanyama wa mviringo wenye miiba mwili mzima, wale ambao mvuvi akimkanyaga mmoja hulala na maumivu. Fisi-maji huwala wanyama hao wa miiba. Nao wakikosa wa kuwala, huula mwani hadi kwenye shina. Ina maana kwamba aliyekuwa akiuza ngozi za fisi-maji karne mbili zilizopita alikuwa akikata msitu bila kuushika, na hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Sasa angalia jinsi jambo linavyoweza kugeuka, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akisoma kisa hicho anaweza kuhitimisha kwamba mnyama wa miiba ni adui, tumtoe. Nenda Karibi. Mwaka 1983, karibu na Panama, ugonjwa ulianza kuwaua wanyama wa miiba mirefu myeusi, na kufikia mwaka uliofuata ulikuwa umezunguka bahari nzima ya Karibi na kuua zaidi ya tisa katika kila kumi. Walipokufa wao, mwani ulifunika matumbawe. Kule, wao ndio waliokuwa wafyekaji. Lakini swali zuri zaidi ni hili: kwa nini mwamba ulimtegemea mfyekaji mmoja tu? Kwa sababu wafyekaji wengine, pono na wenzake wanaoguguna mwani juu ya matumbawe, walikuwa wameshavuliwa hasa katika nchi kama Jamaika. Kwa miaka mingi mwamba ulionekana mzima. Samaki walipungua na hakuna kilichotokea; watu wakaona samaki wale hawana kazi. Kazi yao ilikuwa imebebwa na mnyama wa miiba, na siku aliyokufa ndipo deni lilipodaiwa. Kimbunga Allen kilikuwa kimeshaipiga Jamaika mwaka 1980, na mwamba haukuwa na nguvu ya kuinuka tena. Sehemu iliyofunikwa na matumbawe hai ilishuka kutoka takriban nusu katika miaka ya 1970 hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hiki ndicho kinachonisumbua kila ninaposikia “tuokoe kinachoonekana kinakufa”. Mara nyingi kinachoonekana kinakufa kilianza kufa miaka ishirini nyuma, wakati kila kitu kikionekana salama.

Kisa kikubwa zaidi cha kuonekana salama ni cha samaki aitwaye kodi, pwani ya Newfoundland, Kanada. Kwa karne kadhaa watu waliishi kwa samaki huyu mmoja. Mwaka 1968, meli kubwa za viwanda kutoka nchi mbalimbali zilivua zaidi ya tani 800,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa. Kanada ikatangaza mamlaka yake hadi maili 200 mwaka 1977, ikawafukuza wageni, na wataalamu wake wakaanza kukadiria samaki waliobaki. Walitumia, pamoja na vipimo vingine, kiasi ambacho meli hupata kwa saa moja ya kuvua. Hesabu ilionekana nzuri. Kosa lilikuwa kwamba kodi wanapopungua hawatawanyiki sawasawa. Hujikusanya pamoja katika maeneo machache, na meli yenye vifaa vya kusikiliza mwangwi inakwenda pale pale walipo. Kwa hiyo meli inaendelea kujaza nyavu wakati bahari inakwisha. Wavuvi wadogo wa karibu na pwani, ambao husubiri samaki wawafikie, walikuwa wakilalamika tangu katikati ya miaka ya 1980 kwamba samaki wamekuwa wachache na wadogo. Hawakusikilizwa kwa uzito uliostahili. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ulisimamishwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Waliambiwa ni miaka miwili. Marufuku ilidumu hadi 2024.

Utauliza kwa nini ilichukua miaka 32, ilhali samaki mmoja jike hutaga mayai kwa mamilioni. Hapo tunarudi kwenye mfumo. Kodi hula samaki wadogo waitwao kapelini, nao pia walianguka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji yalipokuwa baridi isivyo kawaida. Kumwacha samaki asivuliwe hakumshibishi. Aidha, majike wakubwa walikuwa wameondoka, na jike mkubwa si sawa na majike wadogo wawili wenye uzito kama wake: hutaga mayai mengi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na katika aina nyingi mayai hayo huwa bora. Sheria zinazokataza kuvua samaki wadogo na kuruhusu wakubwa, ambazo karibu kila nchi inazo, zinamlinda mtoto na kumchinja mama. Sisemi zifutwe. Nasema palipo na kiwango cha chini paongezwe na kiwango cha juu, kama inavyofanyika katika baadhi ya uvuvi.

Nije kwa wale wahesabu vijidudu waliokuudhi. Katikati ya miaka ya 1980 hakuna aliyekuwa na habari kwamba bahari zimejaa bakteria mdogo wa kijani, mdogo kiasi kwamba ukiwapanga zaidi ya elfu moja hawafikii milimita moja. Wanasayansi Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao ndio waliomwona, kwa mashine ya kuhesabu seli iliyopelekwa melini, na matokeo yakatangazwa mwaka 1988. Anaitwa Prochlorococcus, na ndiye kiumbe mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ni ajabu kwamba tulifika mwezini kabla ya kumjua. Yeye na planktoni wenzake, yaani viumbe wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na maji, hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani. Hapa niseme neno dhidi ya upande wangu mwenyewe: ile kauli kwamba kila pumzi ya pili unayovuta inatoka baharini, inayopendwa sana kwenye mabango, inapotosha. Bahari hutengeneza oksijeni nyingi, lakini karibu yote hutumiwa humo humo na viumbe wake. Hewa tunayovuta ni akiba iliyojikusanya kwa mamilioni ya miaka. Wanaoitetea bahari kwa sababu isiyo sahihi watakosa la kujibu siku watakapobanwa.

Sababu iliyo sahihi ina uzito wa kutosha. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa na gesi tunazozalisha limeingia baharini, na takriban robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa humezwa nayo. Sehemu ya hewa hiyo hushushwa na viumbe: planktoni huila, wanyama wadogo wanawala planktoni, kisha vinyesi na mizoga huzama hadi vilindini na kukaa huko kwa karne. Nyangumi wanaingia humo pia. Wanakula chini, wanakunya juu, na kinyesi chao hurudisha chuma na nitrojeni kwenye maji ya juu yanakokua mimea midogo. Katika karne ya 20 waliuawa takriban milioni 2 katika nusu ya kusini ya dunia, na wengi walitarajia kwamba uduvi wao, waliobaki bila mlaji, wangefurika. Hakuna ushahidi wa mafuriko hayo. Kumbe mlaji alikuwa pia ndiye mtia mbolea.

Hewa ya ukaa inayoyeyuka majini ina gharama yake. Asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa karibu asilimia 30 tangu viwanda vilipoanza, na kila kiumbe anayejenga gamba au mifupa ya chokaa analazimika kutumia nguvu zaidi. Joto nalo linawafukuza wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha. Tumbawe linabaki jeupe, na hali ikidumu linakufa kwa njaa. Tukio la kupauka lililoanza mwaka 2023 lilifikisha joto la hatari kwenye zaidi ya asilimia 80 ya eneo la matumbawe duniani. Hakuna ufukwe uliosafishwa unaozuia hilo. Lakini kuna miamba inayostahimili kuliko mingine, ama kwa sababu ya mkondo wa baridi unaopanda kutoka chini, ama kwa aina ya mwani inaoishi nao, na kuijua ni ipi ndiko kunakoamua tulinde wapi kwanza.

Hifadhi za bahari nazo zinafanya kazi, zikiwekwa mahali panapofaa na zikilindwa kweli. Cabo Pulmo, Mexico, ilitangazwa hifadhi mwaka 1995 na wanakijiji wenyewe ndio waliosimamia marufuku ya kuvua. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki uliongezeka kwa asilimia 463. Karibu na Leigh, New Zealand, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1975 ilirudisha samaki wakubwa na kamba-koche, wao wakawala wanyama wa miiba, na mwani ukarudi ambako mwamba ulikuwa uchi. Hakuna aliyepanda mwani. Hifadhi nyingine nyingi ni mistari kwenye ramani tu. Nchi zilikubaliana Desemba 2022 kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030, na hofu yangu ni kwamba asilimia hiyo itatafutwa mahali ambapo hakuna anayevua, ili tarakimu itimie bila ugomvi.

Sasa kikundi chako. Glavu mnastahili kupata, na kusafisha msiache. Ila nina mambo matatu. La kwanza: mkiokota plastiki, acheni majani makavu ya nyasi za bahari na mwani uliotupwa na mawimbi, hata kama yananuka na wageni wanalalamika. Yanashikilia mchanga, yanalisha vijidudu, kaa na ndege. Fukwe nyingi “zilizosafishwa” zimefagiliwa uhai pamoja na taka.

La pili: andikeni. Aina ya taka, tarehe, mahali, idadi. Fungu la chupa likishaingia kwenye gari la taka haliwezi tena kusema lilitoka wapi, lakini daftari la mwaka mzima litaonyesha kama taka zinaletwa na mto fulani baada ya mvua au zinaachwa na watu siku za mapumziko, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

La tatu ni mikoko. Kabla ya msimu ujao, nendeni wakati wa maji kupwa kwenye msitu wa karibu ambao haujakatwa, mwone ni mti gani umesimama wapi na maji yanafika urefu gani kwenye shina. Waulizeni wazee wanaovua pale eneo lenu lilikuwaje kabla ya kuharibika, na nini kilibadilika kwanza: miti, au njia ya maji? Wakisema njia ya maji, wekeni miche chini na mtafute majembe.